Kila nikiwasha kompyuta ya duka nakutana na madirisha matatu ya usalama: niyaondoeje?

KARANI WA DUKA LA DAWA

Habari zenu, wakuu. Mimi ni karani katika duka la dawa hapa Dodoma, na nimeachiwa uangalizi wa kompyuta ya kaunta kwa sababu tu wenzangu wanaogopa kuigusa. Kompyuta hiyo ina Windows 10. Tangu fundi alipoipanga upya mwezi uliopita, kila asubuhi ninapoiwasha na kuingia katika akaunti yangu, hunilaki madirisha matatu ya usalama kabla sijahudumia hata mteja mmoja.

Dirisha la kwanza huniuliza kama kweli nataka kuendesha faili la programu ya kuhesabu dawa zilizobaki stoo. Limeandika kwamba mchapishaji hajulikani, lina kitufe cha "Run" na cha "Cancel", na chini yake kuna kisanduku chenye tiki kinachosema kwamba nitaulizwa kila mara faili hilo linapofunguliwa. Tiki hiyo nimeiondoa zaidi ya mara kumi, na kila kesho yake naikuta imerudi palepale. Dirisha la pili ni pacha wa la kwanza, ila linahusu programu ya bei, ambayo haimo katika kompyuta hii bali katika ile ya mwenye duka iliyoko chumba cha nyuma, na njia yake (yaani anwani ya mahali ilipo) huanza na \\192.168.1.10. La tatu ni la namna nyingine kabisa: skrini nzima hufifia, kisha hutokea ombi la kuruhusu programu ya UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, ifanye mabadiliko katika kompyuta, na hudaiwa nywila ya msimamizi ambayo mimi sinayo, kwa hiyo nabofya "No" na kuendelea na kazi.

Kuna na kidirisha kingine kidogo ambacho sikukihesabu kwa kuwa hakiulizi kitu: husema tu kwamba faili fulani lenye mwisho wa .vbs halikuonekana, nami hukifunga. Ninachoomba ni njia ya kuyaondoa yale matatu bila kuihatarisha kompyuta, maana ndani yake mna hesabu za duka za miaka minne.

CHAP CHAP

Ndugu Karani, jambo hilo halihitaji kukusumbua hivyo. Mwombe mwenye nywila ya msimamizi aandike "UAC" (User Account Control, yaani ulinzi wa Windows unaoomba ruhusa kabla ya mabadiliko) katika sehemu ya kutafutia, afungue mpangilio utakaotokea, kisha avute kile kitelezi mpaka chini kabisa na kuwasha kompyuta upya. Mimi nilifanya hivyo katika kompyuta yangu ya nyumbani, na huu ni mwaka wa tatu sijaulizwa chochote.

FUNDI MAKAMBAKO

Naomba kutofautiana na ndugu Chap Chap, na si kwa sababu ya usalama peke yake. Hata ukikubali hatari yake, ushauri huo hautaondoa madirisha mawili ya kwanza, kwa sababu hayatoki katika chombo kile kinachotoa la tatu. Watu wengi huyaita yote kwa jina moja kwa kuwa yote huuliza "una uhakika?", ilhali yalizaliwa kwa nyakati tofauti na kila moja lina sababu yake.

Dirisha lenye "Run" na "Cancel" lilianza na Windows XP Service Pack 2 mwezi Agosti mwaka 2004. Tangu hapo, kivinjari kinapopakua faili kutoka intaneti na kulihifadhi katika diski yenye mfumo wa NTFS, yaani namna ya kawaida ya Windows ya kupanga mafaili, hulipachika alama ndogo isiyoonekana iitwayo Zone.Identifier, yaani kumbukumbu ya mahali lilikotoka. Ndani ya alama hiyo huandikwa namba: 3 maana yake ni intaneti, na 4 ni tovuti zilizowekewa vizuizi. Ukifungua faili lenye namba 3, Windows huisoma na kukuuliza. Haijui kama programu ni nzuri au mbaya. Inachojua ni kwamba imetoka nje. Ukitaka kuiona alama kwa macho yako, fungua dirisha la amri, nenda kwenye folda husika, uandike dir /r, nawe utaona chini ya jina la faili mstari wa ziada wenye neno Zone.Identifier. Alama hii pia haivuki kwenda kwenye flashi yenye mfumo wa FAT32, ndiyo maana faili lilelile huweza kuuliza katika kompyuta moja na kunyamaza katika nyingine ambako lilifikishwa kwa flashi.

Sasa, kwa nini tiki yako inarudi? Kuondoa tiki ni kuiagiza Windows ifute alama ile kwenye faili, na kuifuta ni kuliandikia faili. Bila shaka fundi aliiweka programu ndani ya folda ya Program Files, na akaunti yako, kwa maelezo uliyotoa kuhusu nywila, ni ya kawaida, isiyo na haki ya kuandika humo. Windows hujaribu kufuta, hukataliwa, na hukaa kimya bila kukueleza. Kesho yake alama ipo na swali lipo.

Dawa yake ni hii. Mwenye akaunti ya msimamizi aingie, alitafute faili lenyewe la programu, lile lenye mwisho wa .exe, wala si njia ya mkato (shortcut) iliyoko kwenye eneo-kazi au kwenye folda ya kuanzia, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Alibofye kwa kitufe cha kulia, afungue "Properties", na chini ya ukurasa wa kwanza ataona kisanduku cha "Unblock". Akitie tiki, akubali, na mambo yatakuwa yamekwisha. Anayependa amri anaweza kufungua PowerShell kama msimamizi na kutumia Unblock-File ikifuatwa na njia ya faili. Ikiwa programu ilikuja katika faili la zip na ikafunguliwa kwa kifungua-zip cha Windows yenyewe, kila faili lililomo limerithi alama ya mama yao, kwa hiyo safari nyingine alama ifutwe kwenye zip kwanza ndipo ifunguliwe.

Lakini kabla ya kufuta, mwulizeni fundi programu hiyo aliipata wapi. Ikiwa mtengenezaji wake ametangaza alama ya SHA-256 ya faili, yaani mfuatano wa herufi na namba unaolitambulisha faili hilo, ilinganisheni na mtakayoipata kwa amri ya certutil -hashfile ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256. Maneno "mchapishaji hajulikani" hayamaanishi kuwa programu ni mbovu. Maana yake ni kwamba faili halina saini ya kidijitali, na watengenezaji wengi wadogo hawalipii cheti cha kutia saini.

Nikija kwenye dirisha la tatu, hilo ndilo UAC, lililoletwa na Windows Vista mwaka 2007. Skrini hufifia kwa makusudi: Windows hukuhamishia kwenye eneo-kazi lililotengwa, ambako programu nyingine haiwezi kukubofyea "Yes" kwa niaba yako. Vista iliuliza mno hata watu wakaichukia, ndipo Windows 7 mwaka 2009 ikaleta kile kitelezi chenye ngazi nne anachokisema ndugu Chap Chap. Anayekishusha mpaka chini kwenye akaunti ya msimamizi huipa kila programu inayofunguliwa, pamoja na ile iliyojipenyeza, uwezo wa kubadili mfumo bila kumuuliza mtu.

Wewe anza na jambo jepesi. Msimamizi afungue "Properties" za faili la programu ya UPS, aende kwenye ukurasa wa "Compatibility", atazame kama kuna tiki kwenye mstari wa kuendesha programu kama msimamizi. Abofye pia kitufe cha chini kinachohusu watumiaji wote, kwa sababu tiki inaweza kuwa imejificha huko. Mafundi wengi huiweka wakati wa kusakinisha kitu kilichowagomea, kisha husahau kuitoa. Programu nyingi za UPS hazihitaji hata kidogo mtumiaji awe msimamizi, kwa sababu kazi yenyewe hufanywa na huduma inayoanza pamoja na Windows kabla hujaingia, na kile unachokiona karibu na saa ni kioo tu cha kuitazama.

Kama programu ingekuwa inahitaji kweli haki hizo, na akaunti inayoingia ingekuwa ya msimamizi, njia safi ni kuitoa katika orodha ya kuanzia na kuitengenezea kazi katika Task Scheduler, kipanga-kazi cha Windows: ianze mtumiaji anapoingia, na iwekewe tiki ya kuendeshwa kwa haki za juu kabisa. Hapo haiulizi. Waliojaribu wakashindwa, mara nyingi walisahau mambo mawili: kazi hiyo kwa kawaida yake hukataa kuanza kompyuta ya mapajani inapotumia betri, na husimamishwa baada ya siku tatu, yote mawili yana tiki za kuondoa. Kwa akaunti ya kawaida kama yako, mbinu hii haikupi haki ambazo huna, kwa hiyo usiipotezee muda.

Kuhusu dirisha la pili nawaachia wanaoshughulika na mitandao.

KARANI WA DUKA LA DAWA

Nashukuru sana, Fundi. Jana jioni mwenye duka aliingia kwa akaunti yake tukafuata maelezo yako. Faili la stoo lilikuwa ndani ya Program Files kama ulivyokisia, na baada ya kutia tiki ya "Unblock" dirisha la kwanza halijatokea tena. La UPS nalo limekwisha: tiki ilikuwa kwenye mpangilio wa watumiaji wote, ambako mimi nisingefikiria kutazama, na baada ya kuitoa programu inaanza vizuri na kuonyesha kiasi cha chaji kama kawaida.

Tulijaribu kulitendea hivyohivyo faili la programu ya bei, lakini kwenye "Properties" zake hakuna kisanduku cha "Unblock". Hapo tulikwama.

PWANI MTANDAO

Karani, kukosekana kwa kisanduku hicho ndiko kunakotupa jibu. Faili halina alama yoyote, kwa hiyo hakuna cha kufuta. Kinachoifanya Windows iulize ni njia unayopitia kulifikia. Hapa Mombasa nasimamia kompyuta za ofisi kadhaa ndogo, na tatizo hili nimelikuta mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Windows inapoona njia ya mtandao, hujiuliza kama mahali hapo ni pa ndani au pa nje, na kipimo chake ni cha kitoto: jina likiwa na nukta, hulidhania kuwa la intaneti. Anwani yako ya 192.168.1.10 ina nukta tatu. Kwamba kompyuta yenyewe iko chumba cha nyuma na waya wake unauona kwa macho, hilo kwake si hoja.

Kwanza jaribuni kubadili njia ya mkato ili itumie jina la kompyuta ya mwenye duka badala ya namba, kwa mfano \\DUKAKUU ikifuatwa na folda. Kuna maduka ambako hilo peke yake limetosha. Lakini katika kompyuta ambazo hazijaunganishwa na domeni (mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva moja), kama za maduka mengi, Windows mara nyingi haitambui kabisa kwamba kuna mtandao wa ndani, na swali litaendelea hata kwa jina. Likiendelea, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika inetcpl.cpl, nenda ukurasa wa "Security", chagua "Local intranet", kisha "Sites". Ondoa tiki ya kutambua mtandao wa ndani kiotomatiki, na uiache na tiki yake ile inayojumuisha njia zote za mtandao. Wale wanaotaka kubana zaidi, na mimi ni mmoja wao, huondoa hata hiyo, hubofya "Advanced" na kuandika mahali pamoja tu, file://192.168.1.10, baada ya kuondoa tiki inayodai uhakiki wa https, ambayo isipoondolewa anwani hiyo itakataliwa.

Maangalizo mawili. Mpangilio huu ni wa kila mtumiaji, kwa hiyo kama kuna mwenzako anayeingia kwa akaunti yake zamu ya jioni, naye afanyiwe. Tena, kama namba ya kompyuta ya nyuma inagawiwa na ruta, siku umeme utakapokatika na kurudi inaweza kupewa namba nyingine, na programu ya bei isifunguke kabisa. Mwambieni fundi aihifadhie namba hiyo ndani ya ruta.

MAMA WA MITAMBO

Nimesoma mazungumzo haya mpaka hapa nikishangaa kwamba hakuna aliyeuliza kuhusu kidirisha ambacho Karani hakukihesabu. Mimi nafundisha kompyuta katika kituo cha vijana, na kati ya yote aliyoyataja, hicho ndicho ambacho kingenikosesha usingizi.

Faili lenye mwisho wa .vbs ni skripti, na kinachoiendesha ni wscript.exe, ambayo ni sehemu halali ya Windows. Duka la dawa halina sababu ya kuwa na skripti inayoanza kila asubuhi. Tunachokijua sisi tunaoshika flashi za watu wengi ni yule mdudu, yaani kirusi, wa njia za mkato: unachomeka flashi, folda zako zote zinageuka njia za mkato, na za kweli zinafichwa. Ukibofya moja, folda inafunguka kama kawaida ili usishuku, lakini nyuma yake skripti imejinakili ndani ya AppData, folda iliyofichwa ya kila mtumiaji, na kujiandikisha katika rejista, daftari la mipangilio ya Windows, ili iamke kila unapoingia. Baadaye programu ya kuzuia virusi hulifuta faili, huku mstari ulioliita ukibaki, nayo Windows kila asubuhi huita jina la asiyekuwepo. Kwa hiyo, Karani, yaelekea kidirisha hicho ni kaburi la mdudu. Isipokuwa ni vyema kuhakikisha kwamba aliyezikwa ni mmoja na hakuna nduguze walio hai.

Nakushauri upakue Autoruns, programu inayoorodhesha vitu vinavyojianzisha, kutoka tovuti ya Microsoft. Iliandikwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell wa Sysinternals, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2006. Task Manager huonyesha sehemu tu ya vinavyoanza, lakini Autoruns hupekua folda za kuanzia, mistari ya Run katika rejista, kazi zilizopangwa, huduma, na pembe nyingine ambazo hata mimi huzisahau. Iendeshe kama msimamizi, kisha uagize ifiche mistari ya Microsoft iliyothibitishwa, ila kuwa mwangalifu: kwa kuwa wscript.exe ni ya Microsoft, fanya ukaguzi mmoja pia bila kuficha chochote. Mstari wa njano maana yake faili lililotajwa halipo. Wa waridi maana yake hauna saini inayothibitika, na programu yenu ya stoo inaweza kutokea humo bila kuwa na kosa. Ukiupata mstari wa .vbs, ondoa tiki yake kwanza badala ya kuufuta, uwashe upya, utazame. Ukiridhika ndipo uufute.

Baada ya hapo endesha ukaguzi wa Microsoft Defender (programu ya kuzuia virusi ya Windows yenyewe) wa nje ya mtandao, ule unaowasha kompyuta upya na kukagua kabla Windows haijaamka. Halafu kusanya kila flashi inayochomekwa hapo kaunta. Flashi yenye folda zilizofichwa hufunuliwa kwa amri ya attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako, kisha njia za mkato na skripti zinafutwa kwa mkono.

Nikiongeza neno moja nje ya swali: Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta yenu haijasajiliwa katika mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama, mwenye duka aanze kufikiria kuzihamishia hesabu hizo za miaka minne kwenye mfumo unaohudumiwa.

CHAP CHAP

Nakiri kwamba sikujua kuwa madirisha yale yana asili tofauti. Baada ya kumsoma Mama wa Mitambo niliendesha Autoruns kwangu, nikakuta mistari miwili ya njano na mmoja wa waridi ambao siutambui, wenye faili lililokaa ndani ya AppData. Hilo faili nilifute?

MAMA WA MITAMBO

Usilifute bado, mwanangu. Libofye kwa kitufe cha kulia ndani ya Autoruns na uchague kuliangalia katika VirusTotal, ambako litalinganishwa na orodha za programu nyingi za kuzuia virusi. Kisha ulete jibu hapa tulitazame pamoja. Wakati huohuo kirudishe kitelezi chako mahali pake.

KARANI WA DUKA LA DAWA

Narudi na matokeo. Kubadilisha namba kuwa jina la kompyuta hakukusaidia, lakini baada ya kuandika anwani katika orodha ya mtandao wa ndani, programu ya bei inafunguka bila swali, na tumemfanyia hivyo pia mwenzangu wa zamu ya jioni. Mstari wa .vbs ulikuwa katika rejista chini ya Run ya akaunti yangu mimi, si ya mwenye duka. Niliuondolea tiki, kidirisha hakikuja, nikaufuta. Ukaguzi wa Defender haukukuta kitu kwenye kompyuta.

Flashi tulizokusanya ni tano. Nne ni safi. Ya tano ilikuwa na folda zote zimegeuka njia za mkato, na ni ya mwenye duka mwenyewe, ambaye kila Jumamosi huichomeka kaunta kuchukua hesabu za wiki na kuipeleka kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Tumeisafisha, na leo jioni naenda nyumbani kwake na Autoruns.